Kujiundia gari la viti viwili nyumbani: fremu kwanza, injini baadaye

Vijana wanaokuja gereji kwangu hapa Ngamiani, Tanga, na wazo la kujiundia gari huanza na swali moja: niweke injini gani? Mimi huwaambia injini tutaizungumza mwishoni. Gari la kujiundia ni fremu, stelingi na breki. Hivyo vitatu vikikaa sawa, hata injini ya kawaida itakufikisha Pangani na kukurudisha. Vikikaa ovyo, injini kali itakuwahisha mtaroni tu.

Gari ninaloeleza hapa ni la aina ya Lotus Seven, ambayo Colin Chapman aliitoa Uingereza mwaka 1957. Wakati ule gari kamili lilikuwa na kodi ya mauzo, lakini ukinunua vipande ukaunga mwenyewe kodi hiyo inakupita, ndiyo maana wengi walijiungia nyumbani. Mwaka 1973 kampuni ya Caterham ilinunua haki ya kuendelea kuliunda, na linatengenezwa hadi leo. Mimi nalipenda kwa sababu fremu yake ni mabomba yaliyonyooka. Hakuna bati la kukandamizwa kwa mashine ya kiwandani. Ukiwa na grenda, mashine ya kuchomelea na subira, unaliweza. Ramani za fremu ya namna hii zinapatikana mtandaoni, nami sitazirudia hapa.

Kabla hujanunua hata bomba moja, nenda TRA, mamlaka ya mapato, ukaulize wanachotaka ili kusajili gari lililoundwa, kisha uongee na mkaguzi wa magari wa polisi wa usalama barabarani. Tunza risiti zote, pamoja na kadi ya gari utakalolichinja, yaani la zamani utakalolifungua ili upate vipande. Na usithubutu kukata namba ya chesisi ya gari la zamani ukaipachika kwenye fremu yako. Huko ni kughushi, na mkaguzi aliyezoea kazi ataiona.

Hatua ya 1: Gari la kuchinja

Chaguo langu ni Toyota Altezza yenye injini ya 3S-GE na gia za mkono. Inasukuma kwa tairi za nyuma, silinda ni 4, na kila tairi ina kontrolo amu (mkono wa chuma unaoishika tairi) ya juu na ya chini, kitu ambacho fremu ya mabomba inakitaka hasa. Ipo Altezza nyingine yenye 1G-FE. Hiyo iache: ni silinda 6 za mstari mmoja, ndefu, itakula nafasi ya miguu yako. Mark II GX100 nayo ina kontrolo amu nzuri, lakini injini ni hiyohiyo ya 1G.

Nunua gari zima, usinunue spea mojamoja. Ndani ya gari zima kuna waya, kontrolo boksi na ufunguo wake, propela, pedali, na zile nati ndogondogo ambazo dukani utazitafuta wiki nzima. Lililogongwa ubavuni si neno. Lililogongwa mbele liache, maana kontrolo amu iliyopinda kidogo macho hayaioni.

Ukishalifungua, pima upana wa nyuma kutoka habu (kitovu kinachofungiwa tairi) hadi habu, difu (boksi la meno katikati ya tairi za nyuma) na shafti zake zikiwa zimefungwa. Hicho ndicho kipimo kitakachoamua upana wa gari lako. Wako wanaokata shafti na kuziunga upya ili ziwe fupi. Mimi siwashauri, shafti ya kuungwa hukatika siku umebeba mtoto wa mtu.

Hatua ya 2: Meza

Hapa ndipo wengi huruka. Fremu haiundwi sakafuni, hata kama sakafu ni ya saruji ya Simba iliyosuguliwa ikang'aa. Tengeneza meza ya engo nene, juu yake weka bao la milimita 18, futi 8 kwa 4, kisha uhangaike na pima maji na vipande vya bati chini ya miguu mpaka meza iwe sawa pande zote. Vuta uzi kona kwa kona. Nyuzi mbili zikigusana katikati bila moja kuibinya nyingine, meza haijapinda.

Chora ramani ya sehemu ya chini juu ya bao kwa kipimo kamili, kwa kalamu ya wino. Kisha pigilia vipande vya mbao pembezoni mwa mistari ili bomba likikaa lisicheze.

Hatua ya 3: Bomba

Tunatumia skwea paipu ya inchi 1 kwa 1, geji 16, yaani ukuta wa milimita 1.6. Maneno ya muuzaji hayatoshi, chukua mizani. Bomba la namna hiyo la mita 6 lina uzito wa karibu kilo 7. Likisoma kilo 5 na kidogo, umepewa geji 18 yenye ukuta wa milimita 1.2, na hiyo ni ya madirisha. Fremu nzima hutumia mabomba 8 au 9, kwa hiyo uzito wake ni karibu kilo 60 kabla ya sakafu na mabano.

Usichukue bomba lililopakwa zinki kwa kuogopa kutu. Moshi wa zinki wakati wa kuchomelea unatia homa, na weldi yenyewe inatoka na matundu.

Hatua ya 4: Kukata na kushikiza

Kata vipande vyote vya chini, vipange mezani, na usiwashe mashine mpaka kila kiungo kikae bila mwanya unaopitisha kadi ya simu. Ukijaza mwanya kwa weldi, weldi ikipoa itavuta, na fremu itaifuata.

Shikiza kwa nukta ndogo tu, mbili kwa kila kiungo. Kisha pima kona kwa kona. Mfano, mstatili wa milimita 1800 kwa 1000 ukiwa sawa, kona kwa kona inasoma milimita 2059 pande zote mbili. Mimi nakubali tofauti ya milimita 2. Ikizidi hapo, kata nukta urudie. Hiyo ni kazi ya dakika chache, na ukishachomelea kabisa haiwezekani tena.

Simamisha nguzo, funga reli za juu, halafu ingiza mishazari, yaani mabomba ya kwenda kona kwa kona. Mshazari ndio fremu. Mstatili usio na mshazari hulegea kama kitanda cha kamba, hata chuma kiwe kinene namna gani. Ukitaka kuhakikisha, kabla ya kuingiza mishazari nyanyua kona moja ya mbele kwa jeki, uangalie kona ya pili inachelewa kiasi gani kunyanyuka. Weka mishazari, rudia. Safari hii kona ya pili itapanda karibu pamoja na ya kwanza. Mtu akishaliona hilo kwa macho yake, haji tena kuuliza kama anaweza kuacha mshazari mmoja ili injini ipite kirahisi.

Hatua ya 5: Kuchomelea

Ukiwa na mashine ya waya na gesi, vizuri. Ukiwa na ya fimbo, tumia fimbo za milimita 2, aina ya 6013, ampea 45 hadi 60 hivi. Ekstensheni iwe fupi na nene. Nyembamba inashusha umeme, na weldi inakaa juu ya chuma bila kuzama.

Anza na vipande vya mabaki. Unga viwili kwa umbo la T, kamata kwenye jiliwa, piga nyundo mpaka kivunjike. Kikichanika bomba pembeni ya weldi, uko tayari. Weldi ikibanduka nzima, hauko tayari. Mwite anayejua, au peleka fremu iliyoshikizwa kwa mchomeaji wa kazi. Hakuna aibu, na chuo cha ufundi cha VETA hapa Tanga wanafundisha uchomeleaji ukitaka kujifunza.

Mpangilio ni huu: mshono mmoja kushoto, kisha wa mkabala wake kulia, rudi mbele, nenda nyuma. Usimalize kiungo kimoja kuzunguka pande zote nne kwa mkupuo. Fremu ibaki imebanwa mezani mpaka ipoe yenyewe, na maji usimwage. Halafu acha tabia ya kusaga weldi ili ipendeze. Unachosaga ndicho kinachoshika. Grenda nayo ina adabu zake mtaani: wakati wa swala na mchana wa Ijumaa izime, majirani utawahitaji siku ya kushusha injini.

Hatua ya 6: Mabano na stelingi

Mabano ya kontrolo amu yawe ya plati ya milimita 3. Bolti ikipita ndani ya bomba, chomelea kwanza kibomba kidogo cha chuma kinachopita upande hadi upande, la sivyo ukikaza nati bomba litabonyea.

Reki ya stelingi, ile fimbo ya meno inayosukuma tairi za mbele kukata kona, ikikaa juu au chini kuliko inavyotakiwa, gari litajipinda lenyewe kila ukipanda tuta, na Tanga hatuna uhaba wa matuta. Toa springi. Funga ubao ulionyooka kwenye habu, vuta uzi sambamba na ubavu wa gari, kisha pandisha habu kwa jeki sentimita 5 na uishushe sentimita 5, huku ukipima ncha ya mbele na ya nyuma ya ubao hadi kwenye uzi. Tofauti ya ncha hizo ikibadilika zaidi ya milimita 2, ongeza au punguza washa chini ya reki, upime tena. Itakuchosha, lakini usipoifanya hakuna fundi wa alaimenti atakayeweza kukusaidia baadaye.

Fimbo ya usukani iwe na viungo viwili vya kukunja, isinyooke kuelekea kifuani.

Hatua ya 7: Breki

Masta silinda, pampu inayosukumwa na pedali ya breki, iwe ya vyumba viwili, ili bomba moja likipasuka ubakiwe na tairi mbili. Gari hili ni jepesi, mara nyingi halihitaji busta (kisaidizi cha nguvu ya mguu), lakini pedali lazima ibadilike. Pima kutoka egemeo hadi unapokanyaga, gawanya kwa umbali kutoka egemeo hadi fimbo ya masta. Bila busta tafuta jibu la 6, ukiwa na busta 4 inatosha.

Breki za Altezza zilipangwa kwa gari lenye uzito zaidi ya mara mbili ya hili. Kwenye kiwanja kitupu, kwa mwendo wa taratibu, kanyaga kwa nguvu huku mwenzako akiangalia tairi kutoka pembeni. Za mbele lazima zitangulie kufunga. Zikianza za nyuma, weka valvu ya kupunguza nguvu ya nyuma kabla ya kufanya kitu kingine chochote. Na mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa. Kwa pwani yetu badilisha kila baada ya miaka miwili, usisubiri yageuke rangi.

Hatua ya 8: Injini na waya

Sasa injini. Iweke nyuma kadiri inavyowezekana, na chini ya sampu (bakuli la oili) bakiza milimita 150 za hewa, pamoja na plati ya kuikinga. Ramani za Uingereza huweka chini zaidi, kwao barabara ni nyingine. Waya usikate hata mmoja kabla ya kubandika tepu yenye jina kila ncha. Rejeta ikikaa chini ya kichwa cha injini, weka mahali pa kutolea hewa sehemu ya juu kabisa, la sivyo itachemka na maji yamejaa.

Hatua ya 9: Bodi na chumvi

Ubavu ni bati la aluminiamu lililopigwa ribiti. Aluminiamu ikigusana na chuma kwenye hewa ya bahari, huliwa taratibu na kuacha unga mweupe. Kwa hiyo paka praima kwenye bomba, pitisha silanti, ndipo ulaze bati, na ribiti ziwe za aluminiamu pia. Rangi piga asubuhi na mapema, kipindi cha kaskazi, upepo haujaanza kubeba vumbi. Wakati wa masika usijaribu.

Hatua ya 10: Barabarani

Baada ya ukaguzi na namba kutoka, kilomita 100 za mwanzo usivuke mwendo wa bajaji iliyobeba watu watatu. Kisha rudi nyumbani, ingia chini ya gari na tochi, ukaze nati zote za kontrolo amu, difu na reki. Ukishakaza, chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye bano. Kila utakapolipandisha kwenye jeki, angalia mistari hiyo. Uliokatika, nati yake imezunguka: toa, weka mpya ya kujifunga, kaza upya.