Jaribu maswali ya ufahamu bila kifungu

Kwa walimu wa Kiingereza wa Kidato cha Kwanza hapa Mwanza: kabla ya kutoa jaribio la ufahamu, wape wanafunzi kumi wa mkondo mwingine maswali peke yake, bila kifungu. Swali la kujieleza likipatwa na watatu, liandike upya. La kuchagua lenye majibu manne, subiri wafike watano, maana kubahatisha tu huwapa wawili au watatu. Swali la namna hiyo halipimi kusoma, linapima wanachokijua tayari. Huku kwetu vifungu vya uvuvi ndivyo vinavyodanganya zaidi: mtoto wa Igombe, mwalo wa wavuvi hapa Mwanza, anajua dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, kisha huanikwa juani, hahitaji kusoma hata mstari. Uliza kilichomo kwenye kifungu pekee, mfano nani alikataa kuuza siku hiyo na kwa nini. Mbinu hii haifai kwa sarufi, ambayo haitegemei kifungu. Wala hainasi swali linalojibiwa kwa kunakili mstari wenye maneno yaleyale. Hapo badilisha maneno ya swali. Na karatasi zikusanye zote, la sivyo maswali yatavuja kabla ya mapumziko.