Taa ya cheki injini haizimi: kagua mpira kabla ya kununua sensa

Pikapu yangu ni ya mwaka 2002, ya petroli, na tangu niinunue kazi yake ni kubeba. Msimu wa zabibu iko Hombolo, mahindi yakianza kushuka iko Kibaigwa, na mara mojamoja inapanda Babati kupitia Kondoa. Ile taa ya njano yenye umbo la injini iliniwakia miezi saba. Gereji moja hapa Dodoma mjini walinibadilishia sensa ya oksijeni, taa ikazima siku tatu, ikarudi. Nikabadilishiwa plagi na waya zake. Ikarudi. Kumbe shida ilikuwa ufa kwenye mpira wa kupitishia hewa inayoingia kwenye injini, na mpira wenyewe nimeupata umetumika kwa bei ambayo haifiki hata robo ya ile sensa. Naandika haya ili mwenye gari la umri huu asipite njia niliyopita mimi.

Kwanza tazama taa inawakaje. Ikiwaka imetulia na gari linakwenda vizuri, unaweza kufika uendako taratibu ukaanza uchunguzi. Ikiwa inapepesa huku injini inamisi (silinda moja au zaidi haichomi petroli vizuri), punguza mwendo, egesha, zima. Hapo petroli isiyoungua inamwagikia kwenye egzosi, na ile kataliza, kisafisha moshi kilicho kwenye egzosi, inaweza kuungua kabisa. Na usiichanganye na taa nyekundu ya oili wala mshale wa joto ukipanda. Hizo hazina kusubiri, unazima gari palepale.

Gari lako likiwa na soketi ya matundu 16 chini ya dashibodi, upande wa dereva, mara nyingi kifaa kidogo cha bluetooth kinachosoma kwenye simu kinatosha. Soma namba ya kosa, iandike kwenye karatasi, kisha tafuta kwenye programu ile kumbukumbu ya hali ya gari wakati taa inawaka: spidi, mizunguko ya injini, joto la maji, mzigo (yaani injini inavyojikaza, si shehena). Iandike yote kabla ya kufuta chochote. Mafundi wengi wanafuta kwanza ili uone taa imezima, na hapo ushahidi wote unapotea. Mimi nililipia ufutaji mara mbili bila kuonyeshwa namba hata moja.

Yangu ilikuwa P0171. Maana yake kompyuta inaona hewa ni nyingi kuliko inavyotakiwa kwa petroli iliyopo. Sensa ya oksijeni ndiyo inayopeleka taarifa hiyo, kwa hiyo fundi akaibadilisha. Lakini sensa ile ilikuwa inasema kweli. Namba inakutajia anayelia, haikutajii aliyempiga. Ukiona P0171, uliza hewa ya ziada inaingilia wapi, au petroli inapungukia wapi.

Kwenye programu kuna kipimo kinachoandikwa LTFT. Ni asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza ili mambo yakae sawa. Ikizunguka karibu na sifuri ni nzuri, ikipita 10 kwa upande wa kuongeza kuna kitu. Sasa linganisha: ikiwa juu gari likiwa sailensa (injini inazunguka, hujakanyaga mafuta), halafu inashuka ukikanyaga mafuta hadi mizunguko 2,500, shuku uvujaji wa hewa baada ya throtoli, ule mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta. Chukua chupa ya kupulizia yenye maji safi, puliza kidogokidogo kwenye maungio ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda) na vipaipu vyembamba vya vakyumu injini ikiwa sailensa. Ukigusa penye ufa, mlio unabadilika. Usipulizie koili wala waya za plagi. Mafundi wengine hutumia petroli kwa kazi hiyo, na mimi nakuomba usifanye hivyo hata kama umeona ikifanikiwa kwa mwenzako. Injini ya moto na petroli ya kupulizia ni moto wa gari zima.

Kwangu maji hayakuonyesha kitu, na LTFT ilikaa juu sailensa na barabarani pia. Ndipo nikarudi kwenye karatasi yangu: spidi 42, mzigo mkubwa, joto la maji 91. Nilikumbuka pale, ni mlimani nikiwa nimejaza alizeti. Injini ikivuta hivyo inajipinda kwenye maunti zake, yaani vishikizo vyake, na kinachojinyoosha nayo ni ule mpira mnene wenye mikunjo, unaotoka kwenye eakilina (chujio la hewa) na kipima hewa kwenda throtoli. Nikalegeza klipu zote mbili, nikautoa, nikaufuta kwa kitambaa. Kwa juu ulikuwa mzima. Nikaukunja kwa mikono miwili upande wa chini kuelekea mwanga, na ndani ya mkunjo wa tatu ufa ukafunguka kama mdomo, mrefu kama kidole changu cha shahada, kingo zake zimeshika vumbi jekundu. Hewa iliyokuwa ikipita hapo ilikuwa haijapimwa. Kompyuta ingejuaje?

Kwa sisi wa Dodoma mpira huo ndio wa kwanza kukagua. Jua letu na joto la injini vinaukausha, na barabara za vijijini zinautikisa. Usiukague ukiwa umefungwa, utoe uukunje. Ukiwa hapo, fungua eakilina. Kifuniko kisipokaa sawasawa, vumbi linapita pembeni na kufunika uzi wa kipima hewa, nao unaanza kudanganya. Kuna dawa yake maalumu ya kupuliza. Usiuguse kwa kidole wala brashi, na uache ukauke kabla ya kufunga.

Kama LTFT inapanda kadiri unavyokanyaga na mpira ni mzima, nenda kwenye petroli: chujio, kisha presha ya pampu ipimwe kwa geji, isikisiwe. P0301 hadi P0304 ni silinda inayomisi. Hamisha koili au plagi ya silinda hiyo uiweke nyingine, usome tena; namba ikihama nayo, umempata. P0420 ni namba inayoilaumu kataliza; usikimbilie kununua nyingine kabla ya kusikiliza egzosi kama inavuja.

Toyota za zamani zaidi, zenye kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSIS chini ya boneti, hazihitaji mashine. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga stata, hesabu taa inavyopepesa. Mara mbili, kituo, mara moja ni 21, sensa ya oksijeni. 22 ni joto la maji, 41 ni sensa ya throtoli. Ikipepesa mfululizo bila kituo, hakuna kosa lililohifadhiwa. Hakikisha umeshika matundu sahihi, maandishi yako ndani ya kifuniko.

Baada ya kufunga mpira mwingine nilifuta namba, nikabeba mzigo ule ule, nikapanda mlima ule ule. Simu nilikuwa nimempa kijana wangu wa mizigo aisome. LTFT ilianza kwenye 3, ikashuka hadi 1, na tukafika Babati akiwa ananitajia namba hizo hizo.