Mwanafunzi akichachamaa darasani: namna ya kuituliza hali bila bakora

Assalaam alaykum walimu wenzangu. Somo hili ni la yeyote anayefundisha darasa kubwa, mkondo wa mchana, jua limesimama utosini, na ghafla kijana mmoja anapiga dawati teke na kukujibu maneno ambayo hata babake hamjibu.

Nianze na lile ninaloliamini kuliko yote. Kijana anayekufokea mbele ya wenzake hagombani nawe peke yako. Mdomo uko kwako, jicho liko kwa wenzake. Anaogopa kuaibika kuliko anavyokuogopa wewe. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini ina kazi moja: kumpunguzia watazamaji na kumwachia njia ya kurudi nyuma bila kuonekana kashindwa.

Hatua ya 1: Jishike wewe kwanza. Moyo ukienda mbio na mdomo ukakauka, ujue adrenalini imeshapanda na ulimi umeitangulia akili. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe taratibu kwa hesabu ya sita, mara mbili tatu. Ile pumzi ndefu ya kutoa ndiyo inayoteremsha mapigo ya moyo. Wanafunzi hawatajua unafanya nini. Wataona tu mwalimu kanyamaza, na kimya cha mwalimu kina uzito wake. Kama una rula mkononi, iweke mezani. Mtoto aliyepandwa na hasira haoni rula, anaona bakora.

Hatua ya 2: Simama pembeni. Usimkabili uso kwa uso wala usimwinamie aliyekaa. Simama kiubavu, mbali kiasi cha mikono miwili, mikono yako ionekane. Usimnyooshee kidole, usimshike shati, na usizibe mlango.

Hatua ya 3: Darasa lipe kazi. Hapa ndipo wengi tunapopasahau. Kabla hujamwambia yeye neno, wageukie wengine: "Fungueni mabuku, fanyeni swali la kwanza mpaka la tano, nayakusanya." Monita aendelee kuandika ubaoni. Watakaoinama kuandika ni wengi, na hata wanaochungulia watachungulia kwa wizi. Kijana aliyekuwa na uwanja mzima sasa amebaki na wewe tu.

Hatua ya 4: Sema machache, kwa sauti ya chini kuliko yake. Mwite kwa jina. "Naona umekasirika. Sigombani nawe." Basi. Usimwambie "tulia!", maana sijaona aliyetulia kwa kuamrishwa. Usimuulize "kwa nini umefanya hivi?" mbele za watu, hilo ni swali la ofisini, tena la baadaye. Akikutukana, usilijibu tusi. Halijasamehewa, limewekwa kiporo.

Hatua ya 5: Mpe njia mbili, kisha ondoka. "Unaweza kukaa ukaendelea, au ukatoka ukanawe uso ukarudi." Njia zote mbili ziwe ambazo wewe uko radhi nazo. Ukishasema, nenda kasahihishe buku la mwengine. Ukimsimamia kichwani mpaka atii, hatatii, kwa sababu kutii hapo ni kushindwa mbele ya kadamnasi. Mwache hata dakika tatu.

Hatua ya 6: Akiwa na kitu mkononi, au wawili wameshikana, mambo ni mengine. Watoe wengine nje, mtume monita akamwite mwalimu wa darasa la jirani, na usijitie katikati peke yako.

Hatua ya 7: Zungumza naye baadaye, na baadaye kweli. Mwili uliopanda hasira huchukua nusu saa au zaidi kushuka. Ukimwita ofisini baada ya dakika tano unaanzisha ugomvi upya. Mkikutana, msikilize kwanza. Msimu wa karafuu wapo wanaokuja wameshinda mikarafuuni jana yake, na usiku wakakaa kuchambua mpaka macho yamewaka moto. Ramadhani yupo aliyefunga bila kula daku. Hayo hayamfutii kosa, ila yanakuonyesha pa kuanzia. Kisha alipe alichoharibu: dawati alilolivunja alisaidie kulitengeneza, aliyemtukana amtake radhi. Andika tarehe na kilichotokea, na kama inajirudia mkabidhi kwa mwalimu wa ushauri nasaha.

Maswali ya walimu wenzetu

Mwalimu wa Micheweni: Maalim, darasa langu lina watoto zaidi ya themanini, wengine wamekaa chini. Hiyo mikono miwili naipata wapi?

Jibu: Hutoipata, nakubali. Basi baki mbele na tumia karatasi. Andika kwenye kipande, "Tutazungumza mapumziko, sijakukasirikia," unapopita kukagua kazi kiache mbele yake bila kusimama. Na wale unaowajua ni wepesi wa hasira waweke mwisho wa mstari, karibu na njia, tangu muhula unaanza.

Bi wa Mjini Magharibi: Mimi ni mwanamke na kijana wa kidato cha tatu ananipita kimo. Wenzangu wananiambia nikiwa mpole atanipanda kichwani.

Jibu: Dada yangu, upole ni wa sauti, si wa kanuni. Mwambie, "Kitabu ulichokichana utakibandika leo baada ya sala ya adhuhuri," na baada ya sala uwepo, gundi iko mezani. Ukisahau mara mbili, hapo ndipo utapandwa kichwani, hata ungekuwa na kimo cha mnazi.

Mwalimu wa Mkoani: Mzazi mwenyewe anakuja kuniambia "mpigeni tu, nimeshamkabidhi kwenu."

Jibu: Mshukuru kwa kukuamini, mkaribishe kiti, umwombe kitu kingine: aje akae nanyi wawili pale kijana anapotaka radhi. Mwambie pia wazi kwamba Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inamkinga mtoto na ukatili na adhabu za kumdhalilisha, na lawama ikija itakuangukia wewe mwalimu. Wazee wengi huelewa. Asiyeelewa, mpeleke kwa mwalimu mkuu.

Mwalimu wa Wete: Na msichana anayepandisha mashetani? Anapiga kelele, anarusha mikono, na mara wenzake watatu wameanguka.

Jibu: Watazamaji tena. Wengine wote watoke haraka, wasimzunguke, maana ndivyo inavyoambukizana. Abaki mwalimu wa kike mmoja au wawili, madawati yasogezwe mbali naye asijiumize, asishikwe kwa nguvu, na wazazi waitwe. Kama nyumbani wana mganga au shekhe wao, hilo ni lao, mimi sibishani nalo. Lakini mwangalie vizuri: akianguka akakakamaa na kutikisika mwili mzima, huenda ni kifafa. Mwekee kitu laini chini ya kichwa, usimtie chochote mdomoni, mtikisiko ukiisha mlaze ubavu. Tazama saa. Ikipita dakika 5 bila kuacha, tafuta gari mumpeleke hospitali.