Namna ya kuchora kanda ya Moshi bila kutazama mipaka ya mkoa

Ukimwambia mwanafunzi achore kanda ya kiutendaji, hukimbilia ramani ya mikoa akaipaka rangi. Hiyo ni mipaka ya utawala. Kanda ya kiutendaji ni eneo lote linalotegemea kitovu kimoja kwa shughuli fulani, na utaijua ukienda stendi.

Chagua shughuli moja tu. Tuseme soko. Nenda stendi ya Boma Ng'ombe asubuhi, wapiga debe wakigombania abiria: Coaster za Moshi huku, za Arusha kule. Mfuate mama mwenye ndoo ya nyanya, msalimie kwanza, kisha umuulize anapeleka wapi na kwa nini si kule kwingine. Atakutajia nauli, bei na mteja wake wa siku zote, andika vyote. Kisha sogea magharibi: njia panda ya KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro), Kikatiti, Usa River. Majibu yanapogawanyika nusu kwa nusu, umefika ukingoni. Usipige mstari hapo, paka kivuli, maana nyumba mbili jirani zaweza kununua katika miji tofauti.

Mashariki, usisimame Holili kwa sababu kuna forodha. Wachuuzi wa Himo huvuka kwenda soko la Taveta, Kenya, na ramani yako ivuke nao.

Sasa badili shughuli: matibabu. KCMC ya hapo Moshi, iliyofunguliwa 1971, ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kaskazini. Wagonjwa huletwa toka Arusha, Manyara hata Tanga. Mji ni uleule, ila kanda yake imetanuka mara kadhaa. Ichore kwenye karatasi nyingine.

Penye utamu ni Mirerani, mji wa machimbo ya tanzanite. Kiutawala ni Manyara, makao makuu Babati, lakini kwa lami kwenda Babati unapita Arusha kwanza. Barua ya serikali huenda Babati. Mwenye kutafuta spea huishia Arusha au Moshi. Tanzanite nayo ilikuwa ikiuzwa Arusha mpaka 2021, serikali ilipoagiza biashara yake ifanyike Mirerani. Mshale ukageuka kwa amri: mnunuzi ndiye akawa anafuata jiwe.

Ndiyo maana kila mshale uuandikie mwaka. Ramani isiyo na mwaka mimi siisahihishi.