Dume la msambu lisiguswe na shoka

Ndugu zangu wa Amani na Usambara Mashariki yote, kila msimu naitwa shambani niangalie kwa nini misambu imeacha kuzaa, na kila msimu nakuta kisiki. "Ule haukuwa na faida, bwana shamba, miaka yote hiyo hata tunda moja." Ulikuwa dume!

Msambu, mti wa mbegu za mafuta ambao wenzetu wa Uluguru huuita mkanyi, una mti dume na mti jike, kama mpapai. Jike hubeba yale matunda ya kilo kadhaa, ila bila chavua ya dume maua yake hupukutika bure. Mche wa mbegu huchukua miaka 10 na zaidi hadi kuzaa. Dume ulilolipasua mbao wiki moja, mjukuu wako ndiye atakayeona badala yake.

Majani hayakuambii kitu, shina halikuambii kitu. Subiri maua. Chuma ua moja lililofunguka, liweke kiganjani, tenga petali. Ukikuta mafungu matano manene yenye unga unaobaki kidoleni, hilo ni dume. Ukikuta kitufe cha kijani katikati, hilo ni jike, na hicho kitufe ndicho tunda lenyewe. Hapo hapo piga alama ya rangi kwenye shina, usingoje kesho. Mti ambao haujatoa ua hata mara moja, hauna ruhusa ya kukatwa.

Kwa kila majike 10 bakisha madume 2, yatawanyike shambani, yasirundikane kona moja. Nafasi ya mita 10 kati ya mti na mti inatosha, iliki ikae chini yake. Na anayesema dume halina faida aangalie iliki yake inapata kivuli wapi.

Wanaobebesha, yaani wanaounga kikonyo (kijiti kilichokatwa kwenye mti mwingine) juu ya mche, ndio wananiuma zaidi. Wanachukua vikonyo vyote kwenye jike moja linalosifika, miaka 5 baadaye shamba zima ni majike matupu. Katika miche 12, miwili ibebeshwe kikonyo cha dume, na ifungwe kibandiko tangu kitaluni. Sitaki kusikia "nilisahau ni upi". Kikonyo kiwe sentimita 10 hadi 15, unene wa penseli, kitoke kwenye chipukizi linalokwenda juu. Cha tawi la pembeni hutoa mche unaotambaa ubavuni badala ya kusimama, na kuufunga kwenye kigingi hakutoshi kuurekebisha.

Mafuta ya mbegu za msambu huganda kama samli, na wazee wetu wameyapikia tangu zamani; Umoja wa Ulaya nao uliyaruhusu kuwa chakula mwaka 2008. Kwa hiyo mbegu ina thamani.

Matunda yakianza kudondoka yenyewe, okota asubuhi mapema, panya buku asikutangulie.