Kabla hujameza antibayotiki, zingatia haya

Hakikisha kwanza unaumwa ugonjwa unaotibika kwa antibayotiki. Mafua hayamo. Dozi iliyobaki kabatini tangu mwaka jana usiiguse, wala usimgawie jirani.

Usikubali kuambiwa "una UTI na taifodi" kwa kutazamwa usoni. Mkojo uoteshwe maabara, yaani bakteria waliomo wakuzwe wajulikane, pale inapowezekana. Kwa taifodi, kipimo cha Widal peke yake hakitoshi, maana kinaweza kusoma ndiyo hata kwa mtu aliyeugua zamani akapona.

Ukali huu una sababu. Utumbo mpana umejaa bakteria wako mwenyewe, kwa matrilioni, na wao ndio ulinzi. Wanamaliza chakula ambacho vimelea wageni wangekitegemea, wanatoa asidi zinazowabana, na wapo wanaobadilisha chumvi za nyongo zikawa za aina inayomzuia Clostridioides difficile, mdudu wa kuharisha kubaya, asistawi. Utumbo wenye afya ni daladala iliyojaa: anayesubiri kituoni hapati pa kukaa. Antibayotiki huwashusha abiria wema pamoja na wabaya, wanabaki sugu, yaani wasiouawa na dawa, na siti zilizo wazi zinachukuliwa na sugu wengine wanaoingia kwa maji, chakula au mikono ya wodini. Miaka ya 1950 huko Chicago, Marjorie Bohnhoff na Phillip Miller waliwapa panya wa maabara antibayotiki iitwayo streptomaisini. Panya wa kawaida walihitaji bakteria wa salmonela kama 100,000 ili nusu yao waambukizwe. Kwa panya waliopewa dawa, bakteria wasiofika hata 10 walitosha.

Sasa lililo kubwa kuliko yote: jua jina la dawa uliyomeza.

Mama yangu mdogo alisumbuliwa na mkojo kuwaka. Duka la dawa likampa vidonge kwenye bahasha ya kaki iliyoandikwa "1x2" kwa kalamu, basi. Vikaisha, maumivu yakarudi, akabadilishiwa vingine, bahasha ileile ya kaki. Mwisho akalazwa na homa iliyokuwa ikimtetemesha mpaka kitanda kinalia. Daktari akauliza: miezi mitatu hii ametumia antibayotiki gani? Akapewa zile bahasha. Akazigeuza mbele na nyuma, akaziweka mezani bila neno.

Swali lile lilikuwa na uzito wake. Majibu ya kuotesha huchukua siku mbili tatu, na mgonjwa mwenye homa kali hawezi kusubiri, kwa hiyo daktari anaanza kwa kukisia. Dawa uliyotoka kuitumia ndiyo ambayo bakteria waliobaki mwilini huenda wameshaizoea, akiijua, anaikwepa. Mama mdogo alianzishiwa seftriaksoni, homa ikagoma kushuka. Karatasi ya maabara ilipotoka ilimtaja bakteria aitwaye Klebsiella, na mbele ya majina ya dawa zimepangana R, R, R, yaani sugu, halafu S chache, yaani dawa zinazomuweza, chini kabisa. Meropenemu ndiyo iliyomwinua, na ukoo mzima tulichanga kuilipia.

Kwa hiyo usiondoke dirishani bila jina kuandikwa. "Dawa ya mkojo" si jina. Piga picha pakiti, andika na tarehe. Ukilazwa, au ukienda kufanyiwa upasuaji, sema ulichotumia kabla hujaulizwa. Sema pia kama ulilazwa hospitali nyingine karibuni, hasa nje ya nchi.

Muulize daktari kama ipo dawa inayolenga kimelea chako bila kufagia utumbo mzima, na ni ya siku ngapi. Ukishaandikiwa, fuata dozi hiyo.

Kula dona, maharage, kunde, mboga za majani: nyuzinyuzi ndizo chakula cha bakteria wako. Mtindi kunywa, ila usiutegemee urudishe ulinzi uliopotea. Vidonge vya bakteria wazuri usivikimbilie bila kuuliza. Mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israel, walikuta kwamba, kwa watu waliotoka kutumia antibayotiki, vilichelewesha bakteria wao wa asili kurejea.

Nawa mikono kwa sabuni, ya mgonjwa na ya anayemuuguza. Chemsha maji. Na ukianza kuharisha mfululizo, hata wiki kadhaa baada ya dozi kuisha, usinunue dawa ya kufunga tumbo. Rudi hospitali na zile picha za pakiti, na ukiona damu usingoje kuche.