Buni Ikipanda Bei: Panga Upya Hesabu ya Kahawa Yako

Kabla ya kugusa bei ya mteja, anza na mizani. Buni, yaani kahawa mbichi, hupoteza uzito ikikaangwa, kwa kawaida asilimia 14 hadi 20, na sehemu kubwa ni maji. Ikipungua asilimia 16, gunia la kilo 60 hutoa kilo 50.4 tu. Kwa hiyo gawa bei ya kilo ya buni kwa 0.84, ndipo uongeze gesi, mifuko, mishahara na usafiri. Wengi hukosea hapa: huzidisha bei kwa 1.16 badala ya 1.19 (yaani 1 ÷ 0.84), na hasara hiyo hujificha katika kila mfuko unaotoka.

Pima unyevu gunia linapopokelewa. Uwe asilimia 10 hadi 12. Ukizidi, unalipia maji, na kuvu haiko mbali.

Ukiongeza robusta, aina ya kahawa ambayo kwa kawaida ni nafuu kuliko arabika, kwenye mchanganyiko, ongeza asilimia 5 tu kila mara, kisha uonje bila kujua kikombe kipi ni kipi.

Mikataba ifuate soko: bei ya arabika huangaliwa katika soko la New York, ya robusta London. Bei ikibadilika, mwarifu mteja siku 30 kabla. Kupunguza gramu kimyakimya ni kumwibia.